Moshi ndani ya kabini: uanze kusakwa kwenye ekzosi

Wenye pikapu kuukuu za kubebea mazao huzoea moshi kabini. Hufungua dirisha, safari ikaendelea. Dirisha likiwa la nyuma, mambo huharibika zaidi, kwani gari likikimbia hewa hujizungusha nyuma ya bodi na kuuvuta moshi wa ekzosi ndani.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, injini ikiwa baridi. Mlio wa “cha-cha-cha” unaopungua injini ikipata moto, pamoja na masizi kwenye maungio, ni dalili kwamba gasketi ya ekzosi imekatika. Harufu ya oili iliyoungua mara nyingi husababishwa na gasketi ya kava ya juu: oili hudondokea ekzosi yenye moto, na hiyo ni fedha ya mkulima inayoteketea. Ikinuka plastiki, injini izimwe na betri ikatwe mara moja.

Fundi azibe pia matundu ya nyaya na pedeli yanayotokea upande wa injini.

Hatari kubwa ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dereva na utingo wakiumwa kichwa kwa pamoja, wasimame na kushuka. Wanaosubiri kupakia usiku wasilale kabini injini ikiunguruma, hata kukiwa na baridi.