Kiwanda Kilichosubiri Kazi

Mji wa Holland umo katika jimbo la Michigan, nchini Marekani, jimbo lililoishi kwa kuunda magari. Uchumi ulipoporomoka, mwaka 2009, zaidi ya wafanyakazi 13 katika kila 100 jimboni humo walikuwa hawana ajira.

Ndipo Serikali ilipotoa fedha za kufufua uchumi, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye betri za magari ya umeme. Kampuni ya LG Chem ya Korea ya Kusini ilipewa dola milioni 151, nusu ya gharama ya kujenga kiwanda Holland. Tarehe 15 Julai 2010 Rais Barack Obama mwenyewe alihudhuria sherehe ya kuanza ujenzi.

Majengo yakasimama, mitambo ikafungwa, watu wakaajiriwa. Lakini magari hayo hayakununuliwa kama ilivyotarajiwa, na betri zikaendelea kutoka Korea. Februari 2013 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Nishati alitoa taarifa: wafanyakazi walikuwa wakicheza karata na kutazama filamu saa za kazi, huku sehemu ya mishahara yao ikitoka katika fedha za umma. Kampuni ilirudisha dola 842,000.

Baadaye mwaka huo huo uzalishaji ulianza. Na mwaka 2022 upanuzi wa dola bilioni 1.7 ulitangazwa.

Jembe jipya halilimi lenyewe. Fedha hujenga kiwanda. Soko ndilo hukipa kazi, na ukaguzi hulinda jasho la mlipa kodi.