Kuongeza Mwendo wa Kompyuta Uliyoiunda Mwenyewe

Somo letu la leo linamhusu mtu aliyenunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, akaviunganisha nyumbani kwake kwa ajili ya michezo. Sasa mashine inafanya kazi, lakini anataka iende mbio zaidi. Je, aweza kuiongeza mwendo pasipo kununua kipande kingine? Aweza. Lakini mwendo huo una gharama, na gharama yake ni joto.

Tuanze na prosesa. Hicho ni kipande kidogo kinachofanya hesabu za kompyuta. Kazi yake hufuata mapigo, kama wapiga makasia wafuatavyo ngoma. Ngoma ikipigwa upesi, makasia nayo huenda upesi. Mapigo hayo huhesabiwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo milioni 1,000 kwa sekunde moja.

Mwendo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi na kizidishi. Tutazame mfano. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo Celeron 300A. Mapigo yake ya msingi yalikuwa megahezi 66, na kizidishi 4.5. Jumla yake ni karibu 300. Watu wengi waliyapandisha mapigo ya msingi yakawa 100. Zidisha 100 kwa 4.5, utapata 450. Basi prosesa ya bei nafuu ikaongezeka mwendo kwa nusu nzima!

Siku hizi mapigo ya msingi huwa 100 kwa kawaida, na kinachobadilishwa ni kizidishi. Si kila prosesa huruhusu jambo hili. Soma kwanza kitabu cha prosesa yako, na cha ubao mama, yaani ule ubao unaobeba vipande vyote. Tena prosesa nyingi za sasa hujiongeza mwendo zenyewe, kwa hiyo faida iliyobaki huwa ndogo.

Joto linatoka wapi? Mapigo yakizidi, prosesa huanza kukosea hesabu, nasi huiongeza volti ili isikosee. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mwendo umetoka gigahezi 4.0 kufika 4.4, na volti zimetoka 1.2 kufika 1.3. Mwendo umeongezeka 10 kwa mia. Lakini volti huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo umeme unaoliwa, pamoja na joto lake, huongezeka karibu 29 kwa mia. Prosesa iliyokula wati 100 sasa yala 129, na feni ni ile ile.

Joto likifika mpaka wake, ambao kwa prosesa nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 100, prosesa hujipunguza mwendo yenyewe. Mwenye tamaa huambulia joto tu. Volti zikizidi mno, prosesa huweza kufa kabisa, na dhamana ya kiwanda kwa kawaida haifidii hasara hiyo. Fedha uliyoiweka akiba kwa miezi yapotea kwa jioni moja.

Basi fuata hatua hizi:

1. Nakili kazi zako zote mahali pengine.
2. Ipe kompyuta kazi nzito, upime joto lake kabla ya kubadili lolote.
3. Fungua ukurasa wa bayosi wakati wa kuwasha kompyuta. Ongeza kizidishi kwa 1 tu. Usiguse volti bado.
4. Ipe tena kazi nzito kwa muda mrefu. Andika mwendo na joto katika daftari.
5. Ikiganda au ikijizima, rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo mwisho wake.

Ikikataa kuwaka, usiogope. Izime, uchomoe waya wa umeme, kisha utoe ile betri ndogo ya duara kwa dakika chache. Ukiirudisha, mipango ya mwanzo hurudi.

Usishindane na jirani. Prosesa mbili za jina moja, kutoka kiwanda kimoja, huweza kuwa na mipaka tofauti. Mwenda pole hajikwai.

Maswali ya darasa:
1. Mapigo ya msingi ni 100 na kizidishi ni 42. Mwendo ni megahezi ngapi?
2. Kwa nini joto huongezeka kuliko mwendo?
3. Kwa nini tunaongeza kizidishi kidogo kidogo?

Kwaheri, ndugu mwanafunzi, hadi somo lijalo.