Mbao mbichi, nyumba ghali

Anayejenga nyumba ndogo Dar es Salaam hununua mbao mara mbili: kwanza za kumiminia zege, kisha za kenchi. Za kwanza huishia kuwa kuni, za pili hufichwa juu ya dari. Kuta ni za tofali za saruji, na fundi atakayempendekezea mwenye nyumba ukuta wa mbao ataulizwa kama anajenga nyumba au kibanda cha chipsi.

Swali hilo lina sababu yake, na sababu si uhaba wa miti. Shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, lina zaidi ya hekta 130,000 ukijumlisha na sehemu za hifadhi, na kulizunguka, hadi Njombe na Kilolo, wanavijiji wamepanda paina na mikaratusi yao wenyewe. Uganda nayo ilianzisha mwaka 2004 mpango wa ruzuku kwa watu binafsi wanaopanda miti ya mbao. Miti ipo. Kinachokosekana ni mbao kavu.

Tazama safari ya ubao mmoja kutoka Mafinga, mji ulio jirani na Sao Hill. Mti hukatwa na kupasuliwa kwa dingdong, ile mashine ndogo ya msumeno wa duara inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Meno yake ni mapana, hivyo sehemu kubwa ya gogo hugeuka vumbi. Mbao hupakiwa kwenye lori zingali na maji na kushushwa yadi ya mjini, ambako mbili kwa nne ya futi 12 huuzwa kwa kipande. Mnunuzi hupima urefu. Hapimi unyevu, wala muuzaji hana sababu ya kuupima.

Kwenye kenchi uzembe huo husameheka, kwa kuwa mbao hukaukia paani na ikipinda kidogo bati halilalamiki. Ukuta hausamehi. Nguzo ikisinyaa gipsam hupasuka, mlango hukwama na upepo hupenya kwenye maungio. Mwenye nyumba huona ubovu huo akadhani ndiyo tabia ya mti, kumbe ni tabia ya soko.

Kwa nini basi wapasuaji hawakaushi? Kwa sababu hawalipwi kufanya hivyo. Kuzianika mbao kwa mpangilio mzuri kivulini huchukua wiki nyingi, na muda wote huo mtaji wa mpasuaji umelala pale. Tanuru la kukaushia hufupisha kazi hiyo kuwa ya siku chache, lakini linataka mkopo, umeme na mtu aliyesomea. Elimu yenyewe hutolewa: Chuo cha Viwanda vya Misitu mjini Moshi kinafundisha. Tatizo ni kwamba mhitimu anarudi kwenye soko ambalo ubao mkavu na ubao mbichi hushindania shilingi ileile.

Gharama ya pili imejificha kwenye meza ya mhandisi. Afrika Kusini mbao za ujenzi hupangwa kwa nguvu na kupigwa muhuri, S5 au S7, na kuna kanuni maalumu ya majengo ya fremu ya mbao, SANS 10082. Mhandisi husoma muhuri, akafanya hesabu, akachagua ubao mwembamba unaotosha. Mhandisi anayeletewa ubao usio na muhuri hujilinda kwa kuongeza unene. Mbao zikiongezeka, bei ya ukuta huikaribia ile ya ukuta wa tofali, na hoja ya unafuu hufia kwenye makadirio kabla msingi haujachimbwa.

Umri wa mti nao ni kikwazo. Paina nzuri ya mbao huhitaji karibu miaka 20 au zaidi, lakini mkulima mwenye ada za shule za kulipa huuza shamba likiwa na miaka minane au kumi. Viwanda vya kumenya magogo kwa ajili ya plaiwudi vilivyoongezeka Mafinga hununua hata magogo membamba. Kwa mkulima ni neema. Kwa anayetaka nyumba za mbao ni ushindani mkali, kwa kuwa mbao changa hupinda zaidi na nguvu yake ni ndogo.

Faida ya nishati ni ya kweli, ila hutangazwa ovyo. Ubao wa paina hupitisha joto kwa takriban sehemu moja ya kumi ya zege zito. Pwani, tofali lililopigwa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto saa nne usiku, wakati ukuta mwepesi umekwishapoa. Lakini ukuta huohuo chini ya bati tupu haumsaidii mtu: joto jingi la mchana huingia kupitia paa. Upenu mrefu, dari yenye nafasi ya hewa juu yake na madirisha yanayotazamana ni rahisi kuliko kiyoyozi, na vinapaswa kuchorwa kabla ya kujadili aina ya ukuta. Njombe ni habari nyingine. Kule baridi ya Juni inataka ukuta uliojazwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, na inashangaza kuona marundo ya vumbi la mbao yakichomwa moto jirani na nyumba zenye baridi.

Mchwa nao hawakwepeki. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki unaosukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo, kama kwenye nguzo za umeme. Marekani, watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003. Kwa mbao za ndani, chumvi za boroni zinatosha mradi mvua isizifikie, kwani maji huziosha. Hivyo msingi ulioinuka si urembo.

Zanzibar imeujua mti kwa muda mrefu. Boriti za mikoko zilizouzwa kwa korija na kusafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, kiasi cha mita tatu. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, na hakuna mwenye akili anayependekeza kuirudia mikoko. Leo Fumba, kusini mwa mji, kampuni ya CPS inajenga nyumba za fremu ya mbao, na mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa jengo la mita 96 lenye ghorofa 28, la mbao na zege. Picha zake ni nzuri. Ila ghorofa moja refu linaweza kuagiziwa mbao kutoka popote duniani. Nyumba elfu moja za vyumba viwili haziwezi kubeba gharama hiyo.

Mnunuzi wa nyumba hizo pia atahitaji benki, na mikopo ya nyumba Tanzania haijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Afisa mikopo atauliza nyumba itadumu miaka mingapi. Kwa tofali ana jibu la mazoea. Kwa mbao atataka karatasi: unyevu ulipimwa, daraja la nguvu ni lipi, dawa iliingia kwa kina gani. Mpasuaji wa kwanza Mafinga atakayeweza kuitoa karatasi hiyo pamoja na risiti atakuwa na sababu ya kudai bei ya juu kuliko jirani yake, na benki itakuwa na sababu ya kumkopesha fedha za tanuru.