Kitabu cha kiwanda kinalijua joto la Tanga

Swali limekuja tena, mara hii kutoka Tongoni, na limekuja na mkia uleule. Msomaji amerithi Datsun 1600 SSS ya mwaka 1970, anataka kushusha injini na kuijenga upya irudishe nguvu zake, na anauliza anunue kitabu gani. Hapo ameuliza vizuri. Kinachonichosha ni mkia: "Lakini, fundi, vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Sisi huku themostati tulishazitoa zamani. Vitatufaa kweli?"

Vitakufaa, na ukurasa wa kwanza wa kuusoma ni huohuo wa themostati.

Hoja hii naisikia Ngamiani, naisikia Chumbageni, na naisikia kwa mafundi wenye mikono mizuri ambao ningewakabidhi injini yangu kwa mambo mengine yote. Wanasema Mzungu na Mjapani waliweka themostati ili injini ipate moto wakati wa theluji. Pwani hatuna theluji, basi ni kipande cha bure kinachozuia maji. Fungua mwongozo wa gereji wa Nissan, waliotengeneza Datsun, wa injini za L kama hiyo yako, sehemu ya mfumo wa kupoza. Utakuta themostati za aina tatu: ya kawaida, inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, ya nchi za baridi kali, nyuzi 88, na ya nchi za joto, nyuzi 76.5. Hiyo ya tatu ni yetu. Waliounda injini walilifikiria joto la nchi kama hii, wakalipimia tofauti ya nyuzi tano na nusu, wakaichapisha. Hawakuandika popote kwamba kifaa kitolewe.

Wala hawakuwa wageni wa barabara zetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, wakashinda tena 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z nyingine. Anayesema kiwanda kile hakikujua vumbi na jua la Afrika Mashariki hajasoma orodha ya washindi.

Sasa tuifuate kazi yenyewe. Ndani ya themostati kuna nta. Maji yakiwa bado baridi, nta imeshikana na njia ya kwenda kwenye rejeta imefungwa. Maji yanazunguka ndani ya bloku na hedi tu, yanapata moto upesi. Yakifika kiwango chake, nta inatanuka na kusukuma vali. Nyuzi kama kumi na kitu juu ya hapo, vali imefunguka yote. Injini inayochemsha, yaani iliyopita nyuzi 100, ina themostati iliyokwisha kufunguka zamani, kama ni nzima. Kuitoa hakukupi ubaridi wa maana wakati ule unaouhitaji. Kunakupa ubaridi wakati usiouhitaji: asubuhi, ukitoka Tongoni kuelekea mjini, kwa maili zote ambazo injini ingetakiwa iwe imeshapata moto wake.

Na hapo ndipo injini mpya inapokufa. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma. Nafasi kati yake ilipimwa kwa injini yenye moto. Ikizungushwa ikiwa na nyuzi 55 au 60, pistoni inagongagonga ndani ya silinda na ringi zinachelewa kukaa. Petroli haigeuki mvuke vizuri, dereva anaacha choki imevutwa, na petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mvuke wa maji unaopenya ringi haupati joto la kuufukuza, unabaki kwenye oili. Baada ya wiki chache unafungua mfuniko wa kujazia oili unakuta ute wa rangi ya maziwa, unapiga kelele kwamba gasketi ya hedi imeungua, na hedi inafunguliwa bila sababu. Umelipa pesa ya kuchonga silinda, pistoni za ovasaizi, ringi na beringi za krenki, halafu unazisaga kwa sababu ya kifaa kidogo ulichokitupa.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi hawalijui kabisa. Zipo injini ambazo themostati yake, inapofungua njia ya rejeta, inafunga papo hapo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi daima, sehemu ya maji haifiki rejeta kamwe, na injini inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Fundi aliyeitoa anaona inachemsha, anatoa na mkanda wa feni kuukagua, anabadilisha pampu ya maji, na anakuhakikishia kwamba injini hizi ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo.

Najua imani hii ilikotokea. Themostati ya zamani ilishika kutu ikiwa imefungwa, gari likachemsha, fundi akaitoa, mshale ukashuka, na mwenye gari akaona amepona. Alichopaswa kufanya ni kuweka nyingine. Kuipima hakuhitaji karakana: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Kilichoiua ile ya zamani ni maji. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, nasi tunayamimina hayohayo kwenye injini yenye hedi ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Chumvi inakula alumini kandokando ya njia za maji mpaka gasketi inakosa pa kushika, na kutu ya bloku inaziba mirija ya rejeta. Gari la pwani linalochemsha, angalia kwanza rejeta na mfuniko wake, kisha majira ya cheche. Mfuniko mzima unabana maji kwa shinikizo, na kwa injini kama hizi unasogeza kiwango cha kuchemka karibu na nyuzi 120. Uliolegea unakurudisha kwenye 100. Weka maji yasiyo na chumvi pamoja na dawa ya kuzuia kutu, si maji ya kisima.

Haya, vitabu.

Nunua kwa herufi na namba zilizopigwa kwenye bloku, si kwa jina lililobandikwa nyuma ya gari. 1600 SSS ilitoka na L16, silinda ya milimita 83 na mwendo wa pistoni wa 73.3, lakini kwa umri huu nyingi zimeshabadilishiwa injini. Ukikuta L18 ni 85 kwa 78. Ukikuta L20B ni 85 kwa 86, na bloku yake ni ndefu zaidi. Kitabu cha kwanza ni mwongozo wa kiwanda wa injini hiyo hasa. Cha pili, kinachokushika mkono hatua kwa hatua, ni "How to Rebuild Your Nissan & Datsun OHC Engine" cha Tom Monroe; kinafaa pia mwenye L24 ya 240Z. Kiingereza chake si kigumu kwa aliyezoea gereji, na picha zinasaidia. Kitabu cha Haynes chukua kwa ajili ya nyaya, breki na bodi. Usikitegemee peke yake kwa ndani ya injini.

Kitabu chochote cha injini za L unachouziwa, kijaribu hivi kabla hujatoa pesa: fungua sura ya kutoa hedi. Kama hakikuonyi upige kabari ya mbao kuzuia mnyororo wa majira kabla hujalegeza gia ya kamshafti, kirudishe. Bila kabari, kibana mnyororo kinachomoka na utalazimika kufungua uso wote wa mbele wa injini.

Vitabu vya mbio vije mwisho. Cha Frank Honsowetz, "How to Modify Your Nissan & Datsun OHC Engine", ni kizuri sana kwa anayejua kupima, na ni hatari kwa anayeruka kurasa. Vijana wanasoma habari ya kuchonga hedi ili kuongeza mbano, wanachonga, wanafunga. Kwenye injini hizi kamshafti inakaa juu ya hedi: ukipunguza hedi umeishusha, mnyororo umelegea, majira ya vali yamechelewa. Hilo linarekebishwa kwa shimu chini ya vishikio vya kamshafti na kwa kuhamisha pini ya gia yake kwenye tundu lingine kati ya matatu.

Mwenye Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa hapa Tanzania alishindia Safari ya 1966 na ya 1967, au mwenye 504, asiazime kitabu cha Datsun hata kwa siku moja. Silinda zao ni laina zinazozungukwa na maji. Zikiisha hubadilishwa, na ukingo wa laina lazima utokeze juu ya uso wa bloku kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita. Tafuta mwongozo wa Peugeot wenye kipimo hicho.

Nakala ya kwenye simu ni halali yako kuanzia, ila chapisha kurasa za vipimo na za nguvu ya kukaza boliti, uzibandike ukutani. Simu yenye kioo kilichojaa grisi haisomeki. Azima au nunua spana ya kipimo na maikromita. Na pistoni usiziagize wakati injini bado imefungwa: ovasaizi inaamuliwa na silinda iliyolika kuliko zote, nawe huijui ni ipi mpaka hedi ishuke na kila silinda ipimwe juu, katikati na chini.