Majivu Alipolikataa Lango

Majivu alikuwa poni wa kijivu, mgongo wake ukinifika kifuani, na kazi yake ilikuwa kuwabeba watoto wanaojifunza kupanda farasi, kwenye zizi moja ukingoni mwa Nairobi, upande wa Ngong. Watoto walimvuta singa, wakamlalia shingoni, wakapiga mayowe karibu na masikio yake, naye akaendelea kutembea. Asubuhi moja nilimtoa bandani kama siku zote. Alipofika kwenye lango la uwanja akasimama. Masikio yakanyooka, pua zikatanuka, akakoroma kwa nguvu kama mtu anayepuliza makaa yaliyolowana. Nikavuta kamba. Akarudi nyuma kwa kishindo, kamba ikanichubua kiganja, mapaja yake yakaanza kutetemeka.

Lango hilo hilo alilipita jana yake, akiwa na mtoto wa miaka saba mgongoni.

Saisi, mzee aliyefanya kazi ya farasi tangu ujana wake, akanijia taratibu, akaishika kamba, akailegeza.

"Usimvute, mama," akaniambia. "Miaka tisa namlisha huyu. Hajawahi kunikatalia lango."

"Kwani ameona nini, mzee?"

"Bado hajaniambia."

Nililelewa pwani. Kwetu punda akilia usiku wa manane, mtu mzima hunyamaza kidogo, akaomba kinga kwa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa mnyama yule ameona kisichoonekana na binadamu. Dua ile nimeisoma tangu utotoni na sijaiacha. Kinachoniumiza ni kingine, kinachofanyika mchana kweupe: punda au farasi aliyetulia miaka yote anasimama ghafla, mwenyewe anasema amekuwa mkaidi, au amelogwa, na fimbo inashuka kabla ya swali hata moja kuulizwa. Wapo watafiti wa tabia za wanyama walioyauliza maswali hayo kwa subira, na waliyoyapata yanamhusu kila anayeishi na mnyama wa kubeba, kuvuta au kupandwa.

Jicho la farasi ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wanyama wa nchi kavu, nalo limekaa ubavuni mwa kichwa. Akiwa ameinama kula majani anaona karibu mzunguko mzima. Kinachomponyoka ni ukanda mwembamba nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Gizani anatushinda. Rangi ndipo tunapomzidi: buluu na manjano anazitofautisha, lakini nyekundu na kijani kwake zinakaribiana sana. Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipima viunzi vinavyorukwa kwenye mbio za farasi, wakakuta kwamba rangi ya chungwa, iliyopakwa makusudi ili kiunzi kionekane, ilionekana kwa jicho la binadamu na kufifia kwa jicho la farasi. Wenye mbio wakahamia rangi nyeupe. Masikio nayo yanafika tusikofika: sisi tunaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, farasi anasikia hadi zaidi ya 33,000. Kwa hiyo mtu anaposema "hapa hakuna kitu", amesema tu kwamba hakuna kitu kwa macho yake na masikio yake.

Jaribio ninalolikumbuka kila nikimkumbuka Majivu ni la Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, lililochapishwa mwaka 2021. Mmoja wa waliolifanya ni Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama mwenye usonji, ambaye ameandika sana jinsi anavyofikiri kwa picha kuliko kwa maneno. Yeye na wenzake walichukua farasi vijana 20, wakaweka kando ya njia yao kifaa kikubwa cha plastiki cha kuchezea watoto, cha rangi kali. Mwanzoni farasi walikitilia shaka, kama farasi yeyote angefanya: masikio yakakielekea, pua zikatanuka, miguu ikakwepa. Wakapitishwa tena na tena, mara 15 kwa jumla, hadi kifaa kile kikawa kama mti wa uani. Kisha, kwa nusu ya farasi wale, kifaa kikageuzwa robo ya mzunguko. Hakikuongezwa kitu wala kupakwa rangi nyingine. Farasi walioletwa mbele yake wakashtuka upya, karibu sawa na siku ya kwanza. Wenzao, ambao kwao kifaa hakikuguswa, wakapita wametulia.

Nimelirudia jaribio hilo kichwani mara nyingi. Toroli lililoegemezwa ukutani leo limelazwa chini. Pikipiki iliyokuwa ikitazama barabara leo inatazama zizi. Pipa la maji limepinduliwa likauke. Ukiniuliza, nitaapa hakuna kilichobadilika, kwa sababu toroli ni toroli. Nadhani ni kwa kuwa sisi tuna jina la kitu, na jina hilo linakifuata kitu popote kinapogeukia. Farasi hana jina la toroli. Ana umbo alilolizoea mahali fulani, na umbo hilo likitoweka, pale pamekaa mgeni. Wazee wa mnyama huyu waliliwa na simba na mbwamwitu. Aliyesubiri kuhakikisha hakuacha watoto. Ukimwachia muda akitazame kitu, akinuse, apitishwe tena bila haraka, hofu inashuka yenyewe. Farasi wa Colorado wasingefika kutulia mbele ya kifaa kile kwa kuchapwa.

Basi mimi na mzee tukalikagua lango. Tukatazama nguzo, minyororo, vivuli, mfuko wa plastiki ulionasa kwenye michongoma. Kila kitu kilikuwa pale pale, kikielekea kule kule. Majivu akajaribiwa tena, akakataa tena, na mimi sasa nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Hofu yangu ilikuwa tatizo la pili, na hilo nalo limepimwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Berlin ilikuwa na farasi maarufu aitwaye Hans, aliyejibu hesabu kwa kupiga kwato chini: jumlisha, toa, hata tarehe za kalenda. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, aliamini kwa moyo wote kwamba amemfundisha. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akaonyesha siri yake. Muulizaji asipolijua jibu, Hans hakulijua. Muulizaji asipoonekana, Hans alikwama. Farasi yule alikuwa akisoma kichwa na mwili wa mtu aliye mbele yake, mjongeo mdogo sana ambao muulizaji mwenyewe hakujua ameufanya hesabu ilipofika. Hesabu hakuijua hata kidogo. Binadamu alimjua kuliko binadamu anavyojijua.

Mwaka 2009, Linda Keeling na wenzake wa Sweden walikwenda mbali zaidi. Waliwaomba watu wamwongoze farasi, au wampande, kutoka hapa hadi pale, mara kadhaa, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa pamoja. Kabla ya safari ya mwisho mtu aliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Moyo wa mtu ulienda mbio kwa kuusubiri, na moyo wa farasi, ambaye hakuambiwa lolote, ukaenda mbio vilevile. Mzee saisi hakuwa amesoma utafiti huo alipoichukua kamba mkononi mwangu na kuilegeza. Alikuwa ameujua kwa viganja vyake.

Hofu pia hujumlishana. Watafiti Janne Winther Christensen na Margareta Rundgren, mwaka 2008, waliwawekea farasi harufu ya mbwamwitu. Harufu peke yake haikuwakimbiza, walinusanusa, wakaendelea. Lakini harufu ilipokuwapo na sauti ya mfuko wa plastiki ikasikika ghafla, mioyo yao ilienda mbio zaidi kuliko ya farasi waliosikia mfuko bila harufu, na walielekea kuchelewa zaidi kurudi kula. Mnyama anaweza kulivumilia jambo moja kimyakimya siku nzima, la pili likaja juu yake, nasi tukalilaumu la pili peke yake.

Na jambo la kwanza, lile lisiloonekana, mara nyingi ni maumivu. Hapa ndipo ninapotamani kila mwenye punda au farasi asimame kidogo. Mnyama anayewindwa haonyeshi kidonda chake. Farasi halii kama mbwa anapoumia, na punda anaficha zaidi ya farasi. Anatulia tu, na utulivu huo tunauita ukaidi. Mwaka 2014 Emanuela Dalla Costa, wa Chuo Kikuu cha Milano, Italia, na wenzake walipiga picha nyuso za farasi kabla na baada ya kuhasiwa, wakazilinganisha. Wakapata alama 6 za maumivu usoni: masikio yaliyokakamaa yakielekea nyuma, jicho lililobanwa, ngozi ya juu ya jicho iliyovutika hadi mfupa ukajichora, misuli ya kutafunia iliyosimama, mdomo uliobana na kidevu kikajitokeza, na pua zilizokazwa. Kitu ambacho saisi mzuri alikijua kwa mazoea sasa kinaweza kufundishwa kwa kijana siku yake ya kwanza kazini.

Daktari wa mifugo Sue Dyson, wa Uingereza, aliwaangalia farasi wakiwa wamepandwa. Aliorodhesha tabia 24, kama kurusha kichwa, kutoa ulimi, kujikwaa, kukataa kwenda mbele. Farasi akionyesha 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna sehemu inauma. Kilichonigusa ni kwamba farasi walipodungwa ganzi mahali panapouma, tabia zile zilipungua hapo hapo. Mpandaji ni yule yule na farasi ni yule yule. Kilichoondoka ni maumivu tu. Miaka mingapi farasi hao waliitwa wabaya?

Mzee alimrudisha Majivu bandani, akamfunga kivulini, akakaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakufanya kitu kingine kwa karibu nusu saa. Kisha akaniita.

"Zitazame kope zake, mama. Kwanza kushoto, halafu kulia."

Kope za jicho la kushoto zilikuwa zimenyooka kwenda mbele. Za kulia zilikuwa zimeinama, kama chane za mnazi baada ya mvua. Chini ya jicho hilo, kwenye manyoya ya kijivu, palikuwa na mfereji mwembamba wa machozi uliokwisha kukauka na kulowa tena. Nilikuwa nimempiga brashi uso mzima asubuhi ile na sikuuona.

Daktari wa mifugo alifika mchana, na swali lake la kwanza halikuhusu jicho. Aliuliza kama poni huyu ameng'atwa na mbwa au mnyama wa porini, na kama anakula na kumeza vizuri. Katika nchi zetu swali hilo lazima litangulie. Kichaa cha mbwa huwapata farasi, punda na ng'ombe pia, na mnyama mpole akibadilika ghafla, akang'ata, akatokwa na udenda au akashindwa kumeza, asiingizwe mkono mdomoni kutafuta kitu kilichokwama. Aachwe, aitwe daktari. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Majivu alikuwa akila vizuri. Daktari akamfunika kivuli kwa mwili wake, akamulika tochi ndogo. Mboni ya kushoto ilikuwa pana. Ya kulia ilikuwa imebana kama ufa wa mlango, na mwanga ulipoigusa Majivu akakitupa kichwa juu. Uvimbe ndani ya jicho, akasema, ule unaokuja, ukatulia, ukarudi tena baada ya wiki au miezi, na kila ukija unaondoka na kipande cha uwezo wa kuona. Zamani Wazungu waliuita upofu wa mwezi, wakidhani unafuata kukua na kufa kwa mwezi. Leo inajulikana kwamba ni kinga ya mwili inayolishambulia jicho lenyewe, na mojawapo ya vichochezi ni bakteria wa leptospira, wanaosambazwa na mkojo wa wanyama kama panya. Duniani kote ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kuwapofusha farasi.

Nikalielewa lango. Saa mbili asubuhi jua linalipiga kutoka upande wa kulia, na kutoka kivuli cha banda hadi pale ni hatua nane. Majivu alikuwa akitoka gizani na kupokea mwanga ule kwenye jicho lililowaka ndani, huku upande huo wote wa dunia ukigeuka ukungu unaouma. Nami nilikuwa nikimvuta aingie.

Alipewa dawa ya kutuliza uvimbe, na matone ya atropini ya kuilegeza mboni. Siku zile alivaa kitambaa cha kukinga jua, na watoto wakaambiwa wasimkaribie kwa upande wa kulia bila kumsemesha kwanza. Wiki ya nne daktari alisema uvimbe umeshuka. Jicho halikurudi kama lilivyokuwa.

Tulimpeleka langoni jioni, jua likiwa kushoto kwetu. Mzee alitembea upande wake wa kulia, mkono begani pake, akimsemesha maneno yale yale ya kila siku anapomlisha. Mimi nilishika kamba, imelegea hadi inakaribia kugusa vumbi. Majivu akasimama, akanyoosha shingo, akainusa nguzo ya lango kutoka juu hadi chini. Kisha akaishusha shingo, akapita.