Damu Inapopiga Kengele

Je, umewahi kutumbua jipu? Ule usaha uliotoka ni maiti za askari wako: chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipambana na vijidudu. Sasa fikiria mwili usio na askari.

Ndivyo anavyokuwa mgonjwa wa saratani ya damu, yaani lukemia, anapotibiwa kwa kemotherapi. Dawa hizi huua seli zinazozaliana haraka haraka. Saratani inapigwa, ndiyo, lakini hazibagui: zinapiga pia uboho wa mifupa, kiwanda cha damu. Neutrofili, askari wa mstari wa mbele, kwa kawaida huzidi 1,500 katika maikrolita moja ya damu. Sasa huweza kushuka chini ya 500! Kijidudu kikiingia hapo, usaha hakuna, na hata eksirei ya kifua huweza kuonekana safi. Mara nyingi dalili inayobaki ni homa tu.

Kwa hiyo daktari atajuaje kama hatari ni kubwa? Anaiuliza damu yenyewe. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Mtu mwenye afya kwa kawaida hafikishi miligramu 10 kwa lita. Maambukizi makali huweza kuipandisha kupita 100. Kwa kuwa inatoka kwenye ini, hupanda hata kama askari wamekwisha.

Protini nyingine ni prokalsitonini. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba hupanda sana bakteria wanapouvamia mwili mzima. Hii huanza kupanda ndani ya saa chache, wakati CRP huchukua kama siku mbili kufika kileleni.

Lakini vipimo hivi si ramli! CRP huweza kupandishwa na saratani yenyewe. Na kipimo kuwa chini saa za mwanzo hakumaanishi mgonjwa yu salama. Ndiyo maana hurudiwa: kikishuka, huenda dawa inafanya kazi, kikizidi kupanda, daktari hutafuta chanzo kingine, kwa mfano fangasi.

Kumbuka: ndugu au rafiki aliye kwenye kemotherapi akifikisha joto la nyuzi 38, msimpe vidonge vya homa mkasubiri kesho. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Antibiotiki zinatakiwa zianze ndani ya saa moja tangu afike, bila kungoja majibu ya damu.