Spana namba 17 kwanza, rangi baadaye

Kijana wa Bilele, mjini Bukoba, anayetaka kuanza michezo ya BMX, ile ya kuruka, kuzungusha usukani na kuteleza juu ya kingo za saruji, aende kuitazama baiskeli akiwa na spana mbili mfukoni: namba 15 na namba 17. Aijaribu nati ya gurudumu la nyuma. Ikikaa kwenye 15, ekseli ni ile nyembamba ya kama milimita 10, ya baiskeli za watoto. Ikikaa kwenye 17, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ekseli ya milimita 14, iliyotengenezwa kumbeba mtu mzima anayetua kutoka juu. Kipimo hicho hakimalizi dakika moja, na kinamweleza mnunuzi mengi kuliko stika zote zilizobandikwa kwenye fremu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu baiskeli nyingi mpya za inchi 20 zinazouzwa kwa jina la BMX ni za mtoto wa shule ya msingi kwenda dukani na kurudi. Kwa kazi hiyo zinafaa kabisa. Mpe kijana wa miaka 17 mwenye kilo 60 aruke nayo ngazi tatu, ndipo utakapoona ekseli inapinda, krenki inajikunja, na shingo ya usukani, ile inayobanwa na bolti moja tu kwa juu, inalegea. Usukani ukigeuka wenyewe magurudumu yakiwa hewani, meno ndiyo yanayolipa.

Wala udogo wa gurudumu usimtie mtu shaka. Mchezo huu ulizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipochukua baiskeli ndogo, hasa Schwinn Sting-Ray, na kuwaiga waendesha pikipiki za mashindano ya matope. Baadaye Bob Haro na wenzake wakaugeuza kuwa mchezo wa mitindo. Gurudumu likabaki inchi 20. Logan Martin wa Australia na Charlotte Worthington wa Uingereza, waliochukua dhahabu za kwanza za mitindo ya BMX kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, walipanda magurudumu ya ukubwa huohuo. Kinachobadilika kufuata kimo cha mtu ni urefu wa bomba la juu la fremu. Mwenye futi tano na nusu anatoshwa na bomba la inchi 20.5 hivi, aliyefika futi sita atafute la 21. Kiti hukaa chini sana, na kinatakiwa kukaa hivyo, maana mpandaji wa mitindo anasimama juu ya pedali karibu muda wote.

Sasa tuje kwenye hela. BMX mpya ya kuanzia, ya kampuni inayojulikana, huko nje huuzwa kati ya dola 300 na 450. Hiyo ni zaidi ya laki saba za Kitanzania kabla ya usafiri na ushuru. Vijana wengi wa Bukoba au Muleba hawana hela hiyo, na sioni sababu ya mzazi kukopa kwa ajili yake. Njia iliyo wazi ni mtumba. Katika mizigo ya baiskeli zilizotumika zinazoshushwa Dar es Salaam na kusambazwa mikoani, BMX za kweli huwa zimo, zimechubuka na kupauka rangi. Anayeuza kwa kuangalia mng'ao ataiweka bei ya chini. Kwangu mimi, fremu nzuri iliyochakaa rangi inaishinda baiskeli mpya ya kitoto, hata bei zikilingana.

Ukiipata, mwombe fundi muigeuze miguu juu, kivulini. Anza na shingo ya fremu, pale mabomba mawili yanapokutana nyuma ya foku. Pitisha ukucha taratibu kwenye maungio. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au bomba lililotuna kidogo upande wa chini, ni dalili kwamba fremu imeshagonga kitu. Iache hapohapo hata kama ni ya bure. Usikubali kuambiwa itachomelewa, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayopokea kishindo chote cha kutua. Tafuta pia maandishi 4130 kwenye bomba la kiti au kwenye foku. Hicho ni chuma chenye kromiamu na molibdenamu, kilicho imara kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana bomba lake huweza kuwa jembamba na jepesi. Ikiwa foku na bomba la mbele peke yake ndivyo vyenye chuma hicho, bado umepata. Kisha tazama krenki: iliyoungwa kwa vipande vitatu inadumu, iliyo chuma kimoja kilichopindwa haina maisha marefu kwa anayeruka. Hesabu spoku, 36 ndiyo kawaida. Zungusha gurudumu ukiwa umeweka kidole karibu na ringi. Likiyumba kidogo fundi atalinyoosha, likiyumba sana andaa hela ya ringi.

Bukoba ina mvua kuliko sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo beringi zilizofungwa zina faida kuliko gololi zilizo wazi, ambazo tope huziingia kirahisi. Namba ya beringi huandikwa ubavuni; ichukue kwanza uulize kwenye duka la spea za pikipiki. Upande wa spea zingine kuna nafuu ambayo wengi hawaifikirii. Mnyororo wa baiskeli ya Phoenix una upana uleule wa inchi moja ya nane unaotumika kwenye BMX nyingi, na tyubu ya baiskeli ya mtoto ya 20 kwa 2.125 inaingia bila tabu. Yaani vitu vinavyoharibika mara kwa mara ndivyo vilivyo rahisi kupatikana.

Mkikaa na video za nje mtaona wapandaji wengi wameng'oa breki. Huku kwetu naomba breki ya nyuma ibaki. Anayeshuka mteremko wa Rwamishenye kuingia mjini, bodaboda mbele na lori nyuma, hawezi kutegemea soli ya kiatu. Na kofia ngumu inunuliwe kabla ya pegi, zile bomba fupi za kukanyagia na kutelezea zinazofungwa kwenye ekseli. Pegi zinaweza kungoja hata miezi sita.

Kampala wana uwanja wa saruji wa Kitintale, ulioanzishwa mwaka 2006 na vijana wa skeitibodi, na Nairobi wana wa Shangilia. Anayeanzia Bilele ataanzia kwenye sakafu yoyote iliyosawazishwa, na hahitaji zaidi. Kuna tawi zima la mchezo huu linalofanyika mahali tambarare tu: unasimama juu ya gurudumu moja, unaizunguka baiskeli, unaigeuza huku inatembea. Kwa tawi hilo jaza upepo tairi ziwe ngumu, bila kuvuka kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, na kwanza jifunze kusimama papo hapo bila kushusha mguu.